Torpedo ya kuwinda nyambizi haishindi kwa mbio

Kila nikigusia torpedo, yaani kombora linalosafiri chini ya maji, darasani hapa Mbeya, kuna anayenyoosha mkono: "Mwalimu, ya nchi gani inakimbia kuliko zote?" Wiki hii kaniuliza mwalimu mwenzangu wa fizikia. Sasa imetosha, naandika.

Torpedo nyepesi, zile za kipenyo cha milimita 324 na kilo 230 hadi 350 hivi, hudondoshwa na helikopta kisha zinaachwa zijitafutie. Ikishatumbukia, tegemeo lake ni sona iliyo puani, kifaa kinachosikiliza sauti majini na kutuma milio ili kipate mwangwi. Isiposikia kitu, itazunguka mpaka nishati iishe. Mbio zitakusaidia nini kumfukuza usiyejua alipo?

Na mbio zenyewe ndizo zinazoiziba masikio. Maji yanayopita puani, mota na rafadha (panga linaloisukuma) vyote vinapiga kelele karibu kabisa na haidrofoni zake, yaani maikrofoni za majini. Mwenye shaka ashuke Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, azamishe haidrofoni ubavuni mwa boti na kuvaa hedifoni. Injini ikiwa imezimwa, utasikia maji yakigonga mbao, na hata injini ya boti ambayo macho hayajaiona bado. Nahodha akienda taratibu, ile boti ya mbali utaipata kwa tabu. Akivuta mafuta, unabaki na mngurumo mtupu.

Torpedo ya Marekani ya Mark 24 ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyoitwa Fido, ilienda kilomita 22 tu kwa saa. Nyambizi ya Kijerumani ikiwa juu ya maji iliweza kuikimbia, kwa hiyo marubani waliagizwa wasubiri nyambizi ipige mbizi kwanza, maana chini ilienda kilomita 14 hivi. Haidrofoni 4 zilizunguka mwili wake, na usukani ulifuata upande wenye sauti kubwa. Mei 1943 ikaanza kuzamisha nyambizi Atlantiki.

Najua mtaniletea Alfa ya Wasovieti, nyambizi ya titani iliyopita kilomita 75 kwa saa. Kweli, kwa adui wa namna hiyo kasi ilihitajika, na Mark 46, torpedo nyepesi ya Marekani, ilifika kilomita 83 hivi. Baadaye ikaja Mark 50, inayochoma lithiamu kwa gesi ya salfa na florini bila kutoa moshi nje, hivyo mgandamizo wa maji ya kina hauidhoofishi. Lakini ilikuwa ghali mno. Mark 54 iliyofuata ilichukua sona ya Mark 50 ikaiunganisha na injini ya ukoo wa Mark 46. Angalieni walichokubali kurudi nacho nyuma: injini. Sikio hawakuligusa. Nayo torpedo ya MU90 ya Ufaransa na Italia hubadili mwendo kadiri ya kazi.

Vitabu hutaja umbali wa kusikia kwa namba moja. Mimi namba hiyo siiamini. Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde, lakini hupinda kuelekea maji ya baridi, na torpedo iliyo juu ya tabaka la maji hayo ya baridi inaweza kuipita nyambizi iliyo chini yake bila kuijua. Maji ya kina kifupi ni mabaya zaidi: sakafu nayo inarudisha mwangwi. Nyambizi inayotembea hubadilisha mlio wa mwangwi, na hapo torpedo huitofautisha na mwamba. Ya dizeli iliyozima kila kitu na kutulia karibu na sakafu haibadilishi chochote. Mwangwi wake unafanana mno na wa jiwe, na torpedo ikiongeza mwendo inausikia vibaya zaidi.