Si masultani tu walioandikwa

Wengi huamini kwamba kumbukumbu za karne ya 19 hapa pwani ni za masultani na matajiri, na babu aliyekuwa mtumwa hatafutiki. Si kweli. Mwaka 1860 konsuli wa Uingereza Zanzibar, Rigby, alianza kuwaacha huru watumwa wa Wahindi, kwa kuwa Wahindi hao walikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na wakaorodheshwa kwa majina pamoja na mabwana zao. Misheni za Bagamoyo (iliyoanzishwa 1868) na Freretown, Mombasa (1875), zilizopokea watumwa walioachwa huru, ziliandika ubatizo na ndoa zao.

Kinachosumbua ni majina yenyewe: Mabruki akishabatizwa huwa Petro, na akina Mabruki walikuwa tele! Basi usitafute jina peke yake. Linganisha kabila, umri na jina la bwana.