Mguu wa farasi hausemi mpandaji alikufaje

Simama Charing Cross, London, chini ya sanamu ya Mfalme Charles I, kisha ngoja kidogo tu. Atapita mtu na wageni wake, awaambie: mguu mmoja wa farasi ukiwa juu, mpandaji alijeruhiwa vitani, miwili ikiwa juu, alifia vitani, yote minne ikiwa chini, alikufa kitandani kwake. Wageni wataitikia "aaa!" na simu zitatolewa. Sisi tunaotunza sanamu za bronzi tumechoka na habari hii. Naiandikia leo ili nikiulizwa tena nitume kiungo na kuendelea na kazi.

Tuanze na Charles mwenyewe. Hubert Le Sueur aliisubu sanamu hii mwaka 1633, farasi akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele. Mfalme alikatwa kichwa mwaka 1649, nje ya Banqueting House, hatua chache tu kushuka barabara ya Whitehall. Le Sueur alijulia wapi, miaka 16 kabla? Na kama mguu mmoja ni jeraha, kukatwa shingo tuhesabu ni jeraha?

Nenda Royal Exchange, umwone Duke wa Wellington. Kwato zote nne chini. "Si unaona, alikufa nyumbani!" Ni kweli, alikufa nyumbani, mwaka 1852. Sanamu ilizinduliwa 1844, mwenyewe akiwa hai. Ni kazi ya Francis Chantrey, iliyomaliziwa na wengine baada yake. Mfalme George IV aliyeko Trafalgar Square naye ni wa Chantrey: kwato nne chini. Thomas Munro aliyeko Chennai, India, aliyekufa kwa kipindupindu, ni wa Chantrey pia: kwato nne chini. Vifo vitatu tofauti, mchongaji mmoja aliyependa farasi aliyetulia. Hata vikuku vya kuwekea miguu hakuwapa wapandaji wake, na hakuna anayedai kwamba hilo nalo ni fumbo la kifo.

Watetezi wa kanuni hii hukimbilia kwa Mfalme Richard I, nje ya Bunge la Uingereza, kazi ya Marochetti: mguu mmoja juu, na kweli alikufa mwaka 1199 kwa jeraha la mshale. Sasa huyo ni wa mguu mmoja kwa kuwa alijeruhiwa, au alistahili miwili kwa kuwa jeraha la vita ndilo lililomuua? Wakiulizwa hivyo huchagua jibu linaloafikiana na sanamu. Boudicca, malkia wa kale aliyepigana na Warumi, karibu na Westminster Bridge, ana farasi wawili waliopandisha miguu ya mbele hewani, na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema alikunywa sumu.

Niwe mwadilifu: kwenye uwanja wa vita wa Gettysburg, Marekani, sanamu nyingi zinaifuata kanuni hii. Kama ni makusudi au sadfa, sithubutu kuapa. Ila hata huko Jenerali Longstreet, ambaye sanamu yake ilisimamishwa 1998, ameivunja: farasi wake ameinua mguu, naye hakujeruhiwa katika vita hivyo.

Kinachoamua miguu ni uzito na fedha. Bronzi ni nzito, kwa hiyo mwili wa farasi husubiwa ukiwa mtupu ndani, ukuta wake mara nyingi milimita 5 hadi 10, na uzito wote huteremka kupitia vifundo vyembamba vya miguu. Miguu inayobeba hufanywa minene, au imara mpaka ndani. Ule ulioinuliwa huachwa mtupu ili usivute mbele. Kwato tatu chini ni mpango mzuri sana: kama kigoda cha miguu mitatu, hazichezi hata kitako cha jiwe kikiwa hakikunyooka. Kwato nne ni kazi zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana moja ikining'inia hata milimita mbili, tatu zilizobaki zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa, na fundi hulazimika kujaza madini ya risasi chini yake.

Kwato mbili ndiyo balaa. Pietro Tacca alipotengeneza sanamu ya Mfalme Philip IV wa Hispania, iliyoko Madrid, alifanya sehemu ya nyuma nzito, ya mbele nyepesi, na mkia ukawa tegemeo la tatu kwa siri. Kwa hiyo ukiona miguu miwili hewani, kwanza angalia mkia, kisha jiulize nani alilipa. Mguu mmoja juu nao ni desturi ya kale: sanamu ya Marcus Aurelius, mfalme wa Roma ya kale, imepanda farasi wa namna hiyo, na wachongaji wa Ulaya walimwiga kwa karne nyingi.

Mchongaji akitaka kueleza kifo, hueleza waziwazi. Nenda St James's Square. Mfalme William III alianguka mwaka 1702 farasi wake alipojikwaa, inavyosimuliwa, kwenye kichuguu cha fuko, na hakupona. Sanamu ya 1808 ya John Bacon mdogo ina kichuguu hicho chini ya ukwato wa nyuma. Kipo pale, hakihitaji kanuni.

Ukipenda kusoma miguu, soma mambo haya. Ndani ya sanamu nyingi za zamani kuna kiunzi cha chuma. Maji huingia kwenye maungio, au unyevu hujikusanya ndani, na chuma kikigusana na bronzi penye maji, chuma ndicho kinacholiwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo mguu hupasuka kwa ndani, mara nyingi kwa urefu. Dalili ni mchirizi wa kahawia juu ya kifundo, kisha ufa mwembamba kama unywele. Vitabu vinasema toa kiunzi, weka chuma kisichoshika kutu. Havisemi kwamba ili kukitoa lazima ulikate tumbo ambalo fundi wa kwanza aliliunga kwa ribiti, yaani misumari ya kuungia vyuma, na ribiti zile hazirudi. Kiunzi kikiwa kikavu mimi hukiacha. Wenzangu wengine hunishangaa, na sina hakika kwamba wamekosea.

Usafi ni mwepesi: maji ya msukumo mdogo, sabuni laini, brashi ya nywele, kamwe si ya waya, bronzi ikikauka ipashwe moto kidogo, ipakwe nta, kila mwaka. Baada ya kupaka, pitisha kijiti kwenye matundu ya kutolea maji chini ya tumbo na kwenye kwato. Yakizibwa na nta, maji hubaki mguuni, yakiganda Januari hupanuka kwa asilimia 9, na mara nyingi aliyeziba ni sisi wenyewe tuliokwenda kuitunza.