Orodha kunjuzi katika Excel: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jina la mtaa wa Cimpunda, katika komine ya Kadutu hapa Bukavu, wengine huliandika kwa c peke yake, wengine huongeza h, na wapo wanaoacha nafasi tupu mwishoni bila wenyewe kujua. Kwa mkazi wa mji huu yote hayo ni Cimpunda. Kwa Excel ni mitaa mitatu tofauti. Niliyaona hayo nilipokuwa nikikisaidia chama kimoja cha akiba kupanga daftari la wanachama wake. Fomula ya NB.SI, inayohesabu seli zenye neno fulani, ilituletea idadi pungufu, na mweka hazina akasisitiza, kwa haki kabisa, kwamba anawafahamu watu wengi zaidi ya hao. Fomula haikukosea, kwa kuwa ilihesabu tahajia moja tu kama ilivyoagizwa.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaoona orodha kunjuzi, yaani kishale ndani ya seli kinachokufungulia majina ya kuchagua, kuwa pambo, au njia ya kumpunguzia kazi mtu asiyependa kuchapa. Faida yake ya kwanza ni kwamba inawalazimu watu kukubaliana juu ya majina kabla ya kuanza kuhesabu. Kuitengeneza katika Excel ya Kifaransa hakuchukui muda: unachagua seli, unafungua Données, kisha Validation des données, na chini ya Autoriser unachagua Liste, halafu katika Source unaonyesha mahali majina yalipo.

Dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote ni ile ya kwamba, orodha ikishawekwa, hakuna awezaye kuingiza neno lingine. Ukweli ni kwamba Excel hukagua kile kinachochapwa moja kwa moja ndani ya seli, lakini haikagui kinachobandikwa. Mtu akinakili seli isiyo na orodha kutoka faili nyingine na kuibandika juu ya seli yenye orodha, neno geni huingia na orodha yenyewe hufutika, bila onyo lolote. Katika chama kile, karani alileta safu nzima ya mitaa kutoka faili ya zamani, akaibandika, na tangu siku hiyo vishale vya kuchagulia havikuonekana tena katika mistari ile. Sote tukadhani kompyuta ina hitilafu. Kubandika kwa Collage spécial na kuchagua Valeurs, yaani kubandika maandishi peke yake, huinusuru orodha, ila neno lililobandikwa huingia vilevile bila kukaguliwa.

Aina ya onyo nayo ina uzito wake. Katika kichupo cha Alerte d'erreur, ndani ya dirisha lilelile la Validation des données, kuna Arrêt, Avertissement na Informations, na ni Arrêt peke yake inayozuia kweli. Mbili zilizobaki humwarifu mtumiaji, kisha humwachia njia ya kuendelea na neno lake. Tena, seli zilizokuwa na maandishi kabla ya orodha kuwekwa hazikaguliwi zenyewe. Dawa ya makosa ya zamani, na ya yale yaliyobandikwa kwa Valeurs, imo katika menyu ileile ya Validation des données: amri ya Entourer les données non valides huzungushia duara jekundu kila seli isiyokubaliana na orodha yake. Ningemshauri kila mwenye daftari aitumie kabla ya kutoa ripoti, kwa sababu ni jambo la sekunde chache.

Wengi pia huamini kwamba ni rahisi zaidi kuyachapa majina yote ndani ya kisanduku cha Source. Kwa Ndiyo na Hapana, sina pingamizi. Kwa orodha ndefu, njia hiyo ina mpaka wa herufi 255, na kuna mtego unaowanasa hasa sisi ambao kompyuta zetu zimewekwa kwa Kifaransa: maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema utenganishe majina kwa mkato, ilhali mipangilio ya Kifaransa inataka nukta mkato. Ukiandika Ndendere, Nyalukemba, Panzi kwa mkato, utaona majina yote matatu yamejipanga katika mstari mmoja kama chaguo moja. Zaidi ya hayo, majina yaliyochapwa pale hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo anayechapa panzi atakataliwa. Afadhali majina yawekwe katika laha ya pembeni na kugeuzwa kuwa Tableau, yaani jedwali rasmi la Excel. Jina jipya likiandikwa chini ya la mwisho, orodha hurefuka yenyewe. Wanaodai kwamba chanzo lazima kiwe katika laha ileile wanakumbuka Excel 2007 na zile zilizoitangulia. Tangu 2010 sharti hilo halipo.

Kuna wanaotarajia kwamba wakisahihisha jina katika chanzo, seli zilizokwisha kujazwa zitajisahihisha pia. Hazifanyi hivyo. Jina la zamani hubaki pale lilipochaguliwa, na ni juu yako kulitafuta na kulibadilisha.

Imani nyingine ni kwamba orodha inayotegemea nyingine, kwa mfano kuchagua komine ya Ibanda kisha kuonyeshwa mitaa ya Ibanda peke yake, huhitaji mtu aliyesomea programu. Inahitaji majina na fomula moja. Mitaa ya Ibanda unaipa jina la Ibanda, ya Kadutu unaiita Kadutu, na ya Bagira vivyo hivyo; ikiwa komine imechaguliwa katika B2, chanzo cha orodha ya mitaa katika C2 kitakuwa =INDIRECT(B2), fomula inayosoma jina lililo katika B2 na kuleta mitaa iliyopewa jina hilo, bila alama za dola, ili kila mstari usome komine yake. Majina hayo hayaruhusiwi kuwa na nafasi ndani yake. Kwa bahati njema, komine zetu hizi tatu zina neno mojamoja.

Hata hivyo, mtu akichagua Kadutu na Cimpunda, kisha akarudi kubadilisha komine kuwa Ibanda, Cimpunda itabaki katika C2 kana kwamba ni mtaa wa Ibanda, kwa kuwa Excel haifuti chaguo la pili pale la kwanza linapobadilika. Duara jekundu la Entourer les données non valides litaikamata seli hiyo, na anayejaza daftari atafungua kishale na kuchagua upya kati ya Ndendere, Nyalukemba na Panzi.