Je, "tafuteni elimu hata China" ni hadithi ya Mtume?

Keti Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, baada ya Alasiri, kisha utaje kijana anayekwenda kusoma mbali. Hutakosa mzee wa kukwambia, "Mtume kasema tafuteni elimu hata China," na wenzake waitikie naam. Wanasiasa nao huyatia maneno hayo katika hotuba. Yametoka wapi?

Wanazuoni wa hadithi waliliuliza swali hilo zamani. Maneno hayo hupokewa kupitia Abu Atika, anayesema aliyasikia kwa sahaba Anas bin Malik, na Imamu Bukhari hakumkubali Abu Atika katika upokezi. Al-Bayhaqi alisema maneno ni mashuhuri ila mapokezi yake dhaifu. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, hakuremba: aliyatia miongoni mwa hadithi za kutungwa.

Mbona basi yameshika hivi? Yamebebwa na jirani yake. Hufuatana na "kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu", maneno yaliyomo katika Sunan ya Ibn Majah na ambayo wanazuoni kadhaa wameyakubali. Ukiyasikia yote mawili kwa pumzi moja, utajuaje lipi ni lipi?

Halafu, kwa Mwamu, yaani mtu wa Lamu, China haiko mbali sana. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za majumba ya kale zilipangwa sahani za kaure kutoka huko. Mwaka 2013 waakiolojia walifukua kisiwani Manda, jirani na Lamu, sarafu ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Mwaka 2005 binti wa Siyu, katika kisiwa cha Pate huko huko Lamu, ambaye ukoo wake husemekana umetokana na mabaharia wa Kichina, alipewa nafasi ya kusomea udaktari kulekule China. Ukishaona hayo, ni taabu kumwambia mtu hadithi yake haina mashiko!

"Usafi ni katika imani" nayo ni hivyohivyo. Iliyomo katika Sahihi Muslim ni "twahara ni nusu ya imani", na twahara ina hukumu zake, si kufagia ua tu.

Wakristo nao wanayo yao. "Fedha ni shina la maovu" imekatwa mkia: barua ya kwanza kwa Timotheo, 6:10, inalaumu kupenda fedha, si fedha yenyewe. "Mungu humsaidia anayejisaidia" haimo kabisa katika Biblia. Mmarekani Benjamin Franklin aliichapisha kwenye kalenda yake ya mwaka 1736, na hata yeye aliikuta. Wazo lenyewe limo katika ngano za Wayunani wa kale.

Anayetaka kumhimiza mwanawe asome anayo aya ya Kurani isiyo na mzozo, sura ya Twaha 114: "Mola wangu, nizidishie elimu." Ni fupi kuliko ile ya China, na mtoto wa chuo cha Kurani huihifadhi siku hiyohiyo.