Je, wajua kwa nini mzee mwenye demensia, yaani kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo, hutaka "kwenda nyumbani" ikifika jioni?

Muulize mtu anayefanya kazi kwenye makao ya kulea wazee saa ngumu kwenye shifti ni ipi, wengi hawatakutajia usiku wa manane, watakwambia ni ile ya kuanzia kama saa 10 jioni mpaka giza liingie. Bibi aliyeshinda ametulia anacheka na watu, ghafla anasimama, anachukua mkoba, anaenda mlangoni kutikisa kitasa, anasema watoto wanatoka shule na hakuna wa kuwapokea. Hao watoto sasa hivi wana wajukuu.

Anayeangalia kwa mbali huona ni ukaidi, wengine wanasema anadeka, na ndugu wengi wanaamini dawa ni kumweleza ukweli: mama, watoto washakua, ile nyumba tuliuza zamani. Hapa ndo watu wengi wanakosea, na kwa nia njema kabisa. Alzheimer, ugonjwa unaoleta demensia kwa watu wengi zaidi, huanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya, kwa hiyo hayo maelezo yako hayakai, baada ya dakika chache hayapo, ila uchungu aliopata akiyasikia unabaki. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni, na huzuni iliendelea hata kwa wale waliokuwa hawakumbuki wametazama nini. Sasa fikiria umemwambia mara tano kwa jioni moja kwamba mumewe alishafariki. Humkumbushi, unamfiwisha upya mara tano.

Lakini kwa nini jioni? Sababu moja kubwa ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vidogo sana vya seli vinavyoupangia mwili muda wa kulala na kuamka. Ichukulie kama saa ya ukutani inayochelewa kidogo, manake kwa wengi wetu mzunguko wake unazidi masaa 24 kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kila siku lazima mtu aje kuusogeza mshale, na huyo mtu ni mwanga wa asubuhi. Kwa mzee, lenzi ya jicho imeshakuwa ya njano na inazuia ule mwanga wa bluu unaousogeza mshale vizuri zaidi, halafu anashinda sebuleni ambako mwanga ni hafifu mno ukilinganisha na wa nje, na juu ya hayo ugonjwa unaua seli za saa yenyewe. Basi anasinzia mchana, na jioni mwili wake haujui ni saa ngapi.

Uholanzi walijaribu kufunga taa kali kwenye makao 12 ya wazee, matokeo yakatoka 2008: uwezo wa akili ulishuka taratibu zaidi na huzuni ikapungua, ila kwa kiasi kidogo tu, na tafiti nyingine za mwanga hazijakubaliana, kwa hiyo taa peke yake isitangazwe kama tiba. Kuna mengine pia: uchovu, kiu, kibofu kilichojaa, maumivu asiyoweza kuyataja. Na kuna hili linalonivutia sana, jioni ndo wafanyakazi wanabadilishana shifti, wanavaa makoti, wanaagana, na mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akiona hivyo naye anajua muda wa kwenda nyumbani umefika.

Ndo maana mhudumu mzoefu anafungua mapazia asubuhi na mapema, anawasha taa kabla giza halijaanza, na pale mlangoni habishani. Anauliza, "Wanao wanaitwa nani, bibi?", wanatembea pamoja kwenye korido wakiongea habari za hao watoto, wanapitia chooni.

Ila kama mzee amebadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni jioni tu, mwite daktari, maana mara nyingi chanzo huwa ni maambukizi kama ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya, na hivyo vinatibika.