Kabla hujang'oa mbuni, tazama tundu liko wapi

Mvua za kwanza zikishanyesha kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, simu yangu hujaa picha za mbawakawa wenye papasi ndefu, zile nyuzi mbili za kichwani. Swali ni lile lile: "Mtaalamu, huyu ndiye bungua, mdudu anayetoboa mibuni?" Nami huuliza kwanza: tundu liko wapi?

Bungua mweupe, Monochamus leuconotus, huanzia chini. Jike hutafuna gome karibu na udongo na kutaga humo. Buu akianguliwa hula chini ya gome akilizunguka shina, kisha huzama ndani ya mti. Tangu yai hadi mdudu kamili inaweza kupita miaka miwili, kwa hiyo ukiona majani yamekuwa ya njano, madhara ni ya zamani. Piga magoti, ondoa matandazo, tafuta nyuzinyuzi za mbao kwenye kitako cha shina.

Mdudu mzima ana urefu wa sentimita tatu hivi na mwiba kila upande wa kifua. Weupe wa mgongoni ni vinyweleo, na nyuma umepakana na kahawia iliyokoza. Mshike taratibu kwa vidole viwili utamsikia analia: anasugua kifua chake. Sauti ile hunifurahisha hadi leo, ingawa najua amekula mibuni ya nani.

Bungua mwingine, Dirphya nigricornis, naye ana papasi ndefu, lakini ni mwembamba, kichwa na kifua rangi ya machungwa. Huyu huanzia nchani mwa tawi. Buu hushuka ndani kwa ndani akitoboa vitundu vilivyopangana mstari mmoja kama filimbi. Mama mmoja alikuwa amepaka dawa mashina yote ya shamba lake, gharama kubwa kwa kweli, huku matawi yakikauka kutoka juu. Nilipasua tawi moja mbele yake, buu wa njano akaonekana. "Kumbe nilikuwa natibu mguu, kichwa ndicho kinauma," akasema. Kukata matawi hayo mapema na kuyachoma kungetosha.

Tundu moja la duara, safi, linalopanda juu, ni la mbawakawa aitwaye Apate: mweusi, papasi fupi, si ndugu wa hawa kabisa. Mdunge kwa waya humo tunduni.

Ukinitumia picha, piga mbili: mdudu kwa juu, papasi zote zionekane, na tundu, ukiweka sarafu pembeni.