Si Kila Mwani ni Mwani

Kusi likivuma, ufuo wa Bamburi hujaa marundo ya majani yanayonuka. Mpita njia huziba pua na kusema, "Mwani huo."

Husemwa: kila jani linalotupwa na bahari ni mwani.
Okota moja ulitazame vizuri. Sehemu kubwa ya rundo lile ni nyasi za baharini, mimea kamili yenye mizizi na shina linalotambaa mchangani, na hutoa maua humo humo majini. Mwani hauna mizizi wala maua. Hujishikiza mwambani na kufyonza chakula kutoka majini kwa mwili mzima. Wavuvi wetu huita vyote mwani, na sioni ubaya wa jina hilo, ila tujue ni viumbe wawili tofauti kabisa.

Husemwa: mwani hutambulika kwa rangi.
Ni kweli mwani mkubwa una makundi matatu: wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Lakini macho hudanganya. Mwani unaolimwa Kibuyuni, kule Kwale, ni wa kundi jekundu, ingawa kambani waweza kuuona wa kijani au hudhurungi. Kinachouweka kundini ni maumbile ya seli zake, na ute wake ndio unaotafutwa viwandani kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Wa kahawia, kama sagasamu, una vifuko vya hewa vidogo mfano wa pilipili manga, ndivyo vinavyouinua juu. Ninaoupenda zaidi ni halimeda, wa kijani: mwili wake una chokaa, na ukifa visahani vyake husagika vikawa mchanga mweupe, huu huu tunaoukanyaga.

Husemwa: mwani ni adui wa matumbawe.
Ukizidi, ndiyo, huyafunika, hasa pale tafi na samaki wengine wanaoula wanapovuliwa kupita kiasi. Lakini ndani ya matumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio huyalisha kwa nguvu ya jua na kuyapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, matumbawe huutoa, yakabaki meupe na yenye njaa. Mwaka 1998 hayo yaliikumba pwani yetu, na matumbawe mengi yakafa.

Husemwa: "mwani wa bluu-kijani" ni mwani kama mwingine.
Huo ni bakteria. Seli zake hazina kiini.